Bibi na Ligi ya Besiboli

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya magari natoka kazini, joto la Texas limenikausha koo. Gari la pembeni lilikuwa limeshusha vioo vyote, na humo ndani redio ilikuwa inatangaza besiboli kwa sauti ya juu. Weee! Nilicheka peke yangu mpaka dereva wake akanitazama. Taa ilipowaka kijani sikwenda nyumbani. Nilikata kona kuelekea Haltom City, pembeni ya Fort Worth, kwenye maghorofa tuliyofikia tulipotoka kambi ya wakimbizi. Ngoja nikusimulie.

Nilikuwa darasa la nne, na ulikuwa mwaka wetu wa kwanza Marekani. Baba alifanya kazi kwenye ghala la mizigo, mama hotelini, kwa hiyo likizo nzima tulibaki mimi na Bibi. Na Bibi alikuwa hataki hata kuiona nchi hii. Alishinda kitandani amegeukia ukuta, anasema arudishwe Burundi kwa dada yake, hapa watu wanapishana mlangoni bila hata salamu. Baba alishachoka kumbembeleza, akakubali kwamba kiangazi kikipita atamsafirisha. Mimi Bibi ndiye aliyenilea. Nililia chooni, bomba nimelifungulia ili nisisikike.

Kilichomtoa kitandani ni redio. Chini yetu aliishi mzee mmoja, Mmarekani, aliyefiwa na mkewe. Shule zilipofungwa, kila jioni aliacha dirisha wazi, redio yake ikiwa ndani nyuma ya wavu wa mbu, sauti inafika mpaka kwenye ngazi zetu. Sasa wewe unajua, kambini redio ilikuwa kila kitu. Bibi hakuweza kutulia akimsikia mtangazaji anapandisha sauti. Jioni ya kwanza tu alibeba ungo wake wa maharage, akashuka, akakaa kwenye ngazi.

"Wewe mtoto, njoo hapa. Huyo bwana anacheka nini?"

Nikasikiliza. "Mbwa ameingia uwanjani, Bibi. Wachezaji wanamfukuza."

"Haya, mchezo mzuri huo," akasema, akaendelea kuchambua.

Mzee akatoka, akatufundisha besiboli kwa kutumia maharage yetu. Huyu anarusha mpira, huyu ana gongo, hawa wengine wanasubiri. Bibi akaguna. Wanaume wazima wamesimama juani hawafanyi kitu, na wanalipwa? Lakini kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye ngazi. Timu yetu ilikuwa ya Fort Worth, na Bibi akajichagulia mtoto wake humo, kijana mrushaji aliyesumbuliwa na bega. Bega la Bibi mwenyewe lilikuwa halinyanyuki vizuri, kwa hiyo lile la kijana lilimuuma kama lake. "Mtoto wa watu anaumwa na bado wanamrushisha! Hana mama?" Jumapili kanisani akawa anamwombea kwa jina, kabla hata ya sisi wajukuu.

Katikati ya kila mchezo redio ilinyamaza kidogo, mzee akaingia ndani, kisha ikaendelea. Tukajua ni mapumziko, kama ya mpira wa miguu. Hapo Bibi aligawa karanga za kukaanga, mzee akaleta tikiti maji la baridi, nyenje wanapiga kelele mitini, na mama akirudi kutoka kazini anakuta ngazi zimejaa majirani. Alivua viatu, akajibana hapo hapo kati yetu. Jamani, raha ile!

Lakini Bibi hakubadili neno. "Ligi ikiisha, mnisafirishe." Kwa hiyo timu ikishinda narukaruka, halafu nakumbuka kwamba mwisho unakaribia, nanywea.

Fainali ikafika. Mtoto wa Bibi alirusha mpaka mwisho, bega hilo hilo. Mpigaji wa mwisho alipoukosa mpira, Bibi alirusha ungo juu, maharage yakatapakaa ngazi nzima, vigelegele mpaka barabarani. Mzee alivua kofia akacheza. Nilifurahi huku nalia. Asubuhi yake baba akateremsha sanduku kutoka juu ya kabati.

Jioni, Bibi anakunja vitenge vyake, redio ikaanza chini. Mtangazaji akacheka. Bibi akasimama.

"Si yule mbwa huyo?"

Tukashuka. Mzee akatukaribisha ndani kwa mara ya kwanza, tukaiona redio yenyewe. Ilikuwa ya kaseti, na kaseti zimejaa rafu nzima; kumbe yale mapumziko alikuwa anageuza kaseti. Ligi ile ilichezwa miaka ya hamsini, naye aliirekodi kwenye tepu kubwa akiwa kijana, baadaye akaihamishia kwenye kaseti. Kila kiangazi huisikiliza yote, ikiisha anaanza tena. "Mlidhani ni ya mwaka huu?" akauliza, amepigwa na butwaa.

Nikamtafsiria Bibi, naogopa ataona amefanywa mjinga. Akauliza, "Na mtoto wangu wa bega?"

"Kama yu hai," mzee akasema, "ni mzee kama mimi."

Bibi akazitazama mvi zake, akaangua kicheko. "Yesu wangu! Kumbe namwombea mzee mwenzangu!" Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akajifuta macho, akakaa kwenye kiti cha mzee bila kuambiwa.

"Mwambie hivi. Tangu msichana nasikiliza redio roho juu. Vita imefika wapi, akina nani wamekufa, kambi inafungwa lini. Sijawahi kusikiliza redio nikijua mwisho wake ni mzuri. Mwambie arudishe mwanzo, nisikie vizuri."

Siku hizi dirisha lile limezibwa kwa kiyoyozi, na ngazini hakuna mtu. Mzee alihamia kwa binti yake, kaseti sijui ziko wapi. Bibi tulimzika hapa hapa Fort Worth, kama alivyoomba mwenyewe. Nawakumbuka mno. Lakini nikikumbuka, nacheka, maana kila kiangazi mrushaji wetu alipoanza kulalamikia bega na majirani wageni wakashika vichwa, Bibi aliendelea na maharage yake, ametulia kabisa. "Msihangaike," aliwaambia. "Huyo anashinda. Mimi namjua."