Mfuniko Chini ya Lori la Mchanga

Nilichukua mfuniko wa sufuria kubwa ya shirika, nikaufunga kwa kamba ya kuanikia nguo, nikauvuta mbele ya lori la mchanga ili ukanyagwe. Nilifanya kwa makusudi, mchana kweupe, tena nikiwa nimeoga. Naanza na hilo ili mtu asije akaniambia baadaye kwamba nilificha.

Sufuria hiyo si yetu. Shirika ni kundi la familia za Kikatoliki za avenue yetu hapa Makomeno, wanaosali pamoja kila juma, na mama présidente wao anaweza kumwombea mtu mafua kwa dakika arobaini. Kukiwa na kilio, sufuria hiyo ndiyo inapika bukari, yaani ugali, ya wote wanaolala kwenye msiba. Kilio kikiisha, hairudishwi mahali popote. Inabaki pale ilipopika, mpaka nyumba nyingine ifiwe na waje kuichukua. Kwa hiyo ukiingia kwa watu ukaiona jikoni, huna haja ya kuuliza. Kwetu ilikuwa imekaa tangu kilio cha baba. Miezi sita, na avenue nzima iko na afya njema. Mama alimshukuru Mungu kwa hilo. Mimi nilianza kuwatazama wazee wa jirani vibaya.

Kabla ya yote hayo, yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, alitoa kwenye mtandao sheria za mchezo wa vita na kuzichapisha kwenye cyber karibu na shule. Ni mchezo wa mezani, wa vifaru na askari wa miguu. Wale wenye mali wanaucheza kwa vifaru vidogo vya plastiki. Sisi tulitumia visanduku vya kiberiti kama vifaru, punje za mahindi kama askari, na vifungo vya mashati kama mine, mabomu ya kutega. Dadu tulitoa kwenye ludo. Uwanja ulikuwa mlango wa zamani wa choo, tumeuchora barabara na mito, na ukiinama sana unajua ulikuwa mlango wa nini.

Shida ilikuwa moja. Wino wa cyber uliisha kwenye ukurasa unaoeleza jinsi askari wa miguu anavyotumia bomu la kubeba mkononi. Tulipata kichwa cha habari na mistari miwili ya kijivu, basi. Sheria hiyo tukajitungia wenyewe, na kila jioni tuligombana juu yake. Yaya alisema askari lazima akaribie kifaru mpaka kukigusa, halafu atupe dadu apate sita. Mimi nilisema hapana, kuna njia nyingine, na nilikuwa nimesoma, kwenye simu, saa ya chimie, somo la kemia, professeur akidhani nasoma chimie.

Katika ile vita kubwa ya pili ya dunia, askari wengi wa miguu hawakuwa na kitu kingine cha kuzuia kifaru ila bomu hilo. Bomu lilikuwa zito kama mtoto wa mwaka mmoja, na jaribu kukimbia na mtoto wa mwaka mmoja uone. Wengine walilifunga kwenye ncha ya mti mrefu. Wengine walikuwa na mabomu ya sumaku, unakimbia, unalibandika kwenye chuma, unaondoka kama bado una miguu. Na wengine walilala kwenye mtaro kando ya barabara. Bomu limefungwa kamba, kamba iko mkononi. Kifaru kikifika karibu, unavuta, bomu linateleza barabarani na kuingia chini ya mnyororo unaokiendesha. Aliye ndani ya kifaru haoni vizuri kilicho karibu naye. Hiyo ndiyo siri yote. Unatakiwa kulala pale, kunyamaza, na kumngoja akukaribie.

Baba alipokufa, yaya aliacha shule akaenda Kambove kuchimba madini na creuseurs, wale wanaochimba kwa mikono. Tulikuwa katikati ya mchezo. Kifaru chake cha mwisho kilikuwa barabarani, askari wangu wa mwisho alikuwa mtaroni. Mwanzoni tulicheza kwa simu. Alikuwa akinitumia "char mbele mbili", char ndiyo kifaru, na mimi nasogeza kisanduku. Siku moja nikamwambia askari wangu anavuta kamba. Akapiga simu mwenyewe.

"Hakuna kamba mu sheria," akasema.

"Sheria iko wapi? Ilibakia mu machine ya cyber."

"Kamba itakwama mu mawe. Char itapita kitambo, we uko unavuta tu sawa mwenye anatoa ndoo mu kisima."

"Na nikikuonyesha inawezekana?"

Akacheka. Nasikia bado kicheko hicho, kulikuwa na nyundo nyuma yake. "Ukinionyesha, nakupatia char. Nakuja mi mwenyewe tumalize."

Baada ya hapo, kimya. Nilipiga kesho yake, na juma lililofuata, na mwezi uliofuata. Yule mama wa mtandao alinijibu kila mara kwamba namba hiyo haipatikani. Mwishoni nilimzoea, ndiye mtu aliyezungumza nami zaidi nyumbani. Mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda sokoni na kurudi na kichwa kinamuuma. Mlango wa choo ulikaa chini ya kitanda changu na vita yake. Kila jioni niliuvuta, nikaangalia kama panya amekula askari, nikaurudisha. Nilijiambia simu ya yaya imeanguka shimoni. Kwa hiyo niliamua kutengeneza ushahidi, ili siku simu itakapowaka aukute unamngoja na asiwe na la kujibu.

Kulikuwa na mtu anajenga nyumba kwenye kona, na lori la mchanga lilipita kwetu mchana kutwa, polepole, kwa sababu ya mashimo. Nilisimamisha simu kwenye tofali ipige video. Nikalaza mfuniko upande wa pili wa barabara, nikalala mferejini na kamba. Nilikaa humo muda mrefu. Mbuzi mmoja alikuja kunitazama, akaondoka. Lori likaja, nikahesabu, nikavuta. Mfuniko haukukwama. Uliteleza vizuri kabisa, ukaingia chini ya gurudumu la mbele, ukalia.

Dereva alisimama, akashuka, mzee mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile.

"We mutoto, unatoka mu mufereji sawa panya, unafanya nini?"

"Ninatega mine, papa."

"Ya nini?"

"Ya char."

Akatazama barabara juu na chini. "Na char iko wapi?"

"Njo hii lori yako."

Akalitazama lori lake, akafikiri. "Basi nimekufa?"

"Hapana, papa. Uko muzima. Ni munyororo njo imekatika. Hauwezi kutembea tena mpaka mwisho wa mchezo."

"Hata bila mine yako haitembeake muzuri," akasema. Akaokota mfuniko, akajaribu kuunyoosha kwenye goti lake. Ukazidi kupinda. "Baba yako anajua hii mambo?"

"Baba alikufa."

Alinipa mfuniko kwa mikono miwili, kama vile ni kitu cha maana, akapanda lori lake akaondoka.

Nilimtumia yaya video. Haikufika. Nikapiga, akajibu mama wa mtandao. Nikakaa mlangoni na simu mkononi na mfuniko miguuni mpaka jua likashuka, na video hiyo niliitazama peke yangu labda mara ishirini. Ilikuwa video nzuri. Hakukuwa na mtu wa kumwambia angalia.

Mama aliporudi aliuona mfuniko kabla ya kuniona mimi. Nilitarajia kofi. Nikamweleza yote kwa haraka, mlango wa choo, kamba, lori, na kwamba yaya sasa ni lazima arudi kwa sababu alitoa neno lake, tatizo ni simu yake tu. Mama alitua beseni lake chini. Alikaa kwenye kigoda, akavua viatu, akaupapasa ule mfuniko pale ulipopinda. Kisha akasema:

"Yaya yako iko na numéro ingine. Ananipigiaka kila siku ya Mungu, nikitoka misa. Alisema nisikupatie, juu utamuuliza ile mchezo, na yeye akitokaka mu shimo anatakaka kulala tu. Nilikuwa natafuta siku ya kukuambia, nikakosa. Simama, unawe mikono, ukoroge bukari, mi nimechoka."