Siku Tulipofyeka Zao la Serikali

Mwaka ule mto Rufiji ulipopanda ukabeba mpunga wetu wote, nilikuwa na miaka kumi na mitatu na niko darasa la nne, kwa sababu nilichelewa kuanza. Baba akaniambia shule ingoje. Imengoja mpaka leo. Nikaingia msituni kuchoma mkaa, na mkaa ndio ulioniozesha mke. Sisemi hivi unionee huruma, mwanangu. Nasema ujue anayekuandikia ameshika panga kabla ya kushika kalamu, na hajaomba cheo kwa mtu.

Nilipokuwa kijana nilichoma tanuri nyuma ya nyumba yetu. Nilipoanza kuota mvi, mti wa mkaa nikawa naufuata kwa pikipiki. Ndipo akaja mtafiti wa serikali, binti mmoja anaitwa Mwajuma, anatafuta mahali pa kujaribia matete manene ya kutengenezea mkaa mbadala, yaani mkaa wa kubanwa kwa mashine, usiokata mti. Mimi nilikuwa na kipande cha ardhi ya kichanga si mbali na Umwe. Mpunga haukukubali pale, na muhogo ulikuwa chakula cha nguruwe pori. Nikampa.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Mbonde analima majani!" Hata mke wangu aliniuliza kama tutayapika kwa tui au kwa karanga. Sikumjibu mtu. Nilijua ninachofanya, na niliona haina haja ya kumweleza anayecheka.

Mwajuma akapanda aina mbalimbali, kila aina na kitalu chake na kibao chake. Misimu ikapita, matete yakasimama kunizidi kimo. Mavuno ya mwanzo tukayakausha, tukayabana, na mama yangu mdogo, Bi Zuhura, anayeuza wali na samaki pale stendi ya Ikwiriri, akawa anapikia mkaa huo. Hapo ndipo fedha ya majaribio ikafika ukingoni. Ilikuwa fedha ya umma, na umma una haki ya kuuliza. Tukaambiwa wakubwa watakuja kuona kwa macho yao, kisha waamue kama waendelee au wafunge.

Mwajuma alinieleza bila kunificha. "Mzee wangu, wakifunga sasa, tutakuwa tunajua nusu. Hatujui bado ni aina gani inavumilia kukatwa tena na tena. Siwezi kumwambia mkulima apande kitu ninachokijua nusu." Na mimi nilikuwa nimeshauacha msitu. Majaribio yakifa, nirudi kwenye tanuri na mgongo huu?

Sasa, mwanangu, unajua sisi tukisikia mgeni wa serikali anakuja tunafanyaje. Tunafyeka. Tunafagia, tunapaka mawe chokaa toka barabarani mpaka ofisi ya kijiji, tunafunga turubai. Mwenyekiti wetu akaitisha msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kila kijana na panga lake. Mimi na Mwajuma tulikuwa Ikwiriri kukodi viti. Tuliporudi, shamba la majaribio lilikuwa jeupe kama uwanja wa mpira. Vibao tu vimesimama, navyo vimefutwa vumbi.

Mwenyekiti akatupokea anatabasamu. "Umeonaje, Mbonde? Hata nyoka hana pa kujificha!"

Mwajuma alikaa juu ya ndoo, akashika kichwa. Mwenyekiti alipoelewa, jasho likamtoka, lakini akapata akili haraka. "Twende mtoni tukakate matete ya porini, tuyachomeke humu. Wakubwa wenyewe hawashuki kwenye gari."

Mimi nikaona hilo ni jambo la busara. Nilikuwa nimeshaanza kunoa panga pale Bi Zuhura, aliyekuja kupanga mapishi ya wageni, aliponisimamia kichwani, mikono kiunoni.

"Mbonde, mtu mzima na mvi zako unakwenda kuchomeka majani kama watoto wanaocheza baba na mama? Yakinyauka kabla pilau haijaiva, utawaambia yanasinzia?"

"Mama mdogo, tutafanyaje?"

"Semeni mlivyofanya. Na wewe mwenyekiti, nani alikwambia yale ni majani?"

"Bi Zuhura, yale si majani?"

"Umemsikia?" akanigeukia mimi. "Hana kosa huyu. Wewe misimu yote wanakucheka, umefumba mdomo kama umeficha dhahabu humo. Jirani yako hajui unalima nini, unataka serikali ijue? Weka panga chini."

Nikaliweka, mwanangu. Yule mama hakuwa mtu wa kubishana naye.

Ikawa bahati, wakubwa wakaahirisha safari kwa wiki kadhaa, kama kawaida yao. Mwajuma akazitumia siku hizo kuwaita wote walioshika panga. Akawapitisha kitalu kwa kitalu, akawaonyesha mkaa wenyewe. Na matete yakaanza kuchipua. Kitalu kimoja kikafunga majani magotini, cha pili yake kikabaki na vipara kama mzee mimi. Vijana wakaanza kubishana kipi kitashinda, utadhani ni Simba na Yanga.

Wakubwa walipotufikia hatimaye, walishuka kwenye gari. Mwenyekiti akasimama mwenyewe akasema, "Waheshimiwa, tumefyeka tukidhani ni majani." Kisha mama mmoja kati yao, mwenye miwani, akacheka mpaka akaivua.

Mwajuma hakucheka. Akasema wazi kwamba mavuno ya msimu ule hayakupimwa, hayo yamepotea. Akaonyesha pia jinsi kukatwa kulivyozitenga aina, na kwa nini misimu zaidi inahitajika kupata hakika. Hakuongeza chumvi hata punje.

Yule mama akauliza, "Tukiendelea kutoa fedha, nani atanihakikishia hayatafyekwa tena?"

Kijana mmoja wa msaragambo akanyoosha mkono. "Sisi tuliofyeka, mheshimiwa. Sasa tunalijua zao hili."

"Linaitwaje?"

"Zao la nishati!"

"La Mbonde!" akadakia mwingine nyuma, na turubai zima likacheka.

Wakala pilau ya mkaa ule, wakaondoka. Haukupita muda mrefu, habari ikaja kwamba majaribio yanaendelea.

Basi nakuusia. Ukitaka fedha ya umma kwa jambo linalohitaji muda, anza na umma unaokaa nao mtaa mmoja. Waeleze hata wakikucheka. Kosa likitokea, litaje kabla hujaulizwa, na ombi lako usilipambe. Anayetoa fedha anaweza kuvumilia hasara, ila akikukuta umechomeka majani hatarudi kukuangalia.

Mola akupe subira ya mkulima na ulimi usioona haya kusema kweli, na kila utakachopanda akukuzie.

Mimi leo nina nyumba ya matofali na kisima. Nina shamba la ufuta, shamba la matete ya ile aina iliyoshinda, mashine ya kubana mkaa, pikipiki mbili, mbuzi, na wateja mpaka Kibiti mjini. Msitu sijaingia tena, ila kutafuta mbuzi aliyepotea.