Mavyaa Wangu na Ghuba la Ungwana

Sijawahi kutapika chomboni. Nalisema hili kabla ya jingine lolote, kwa sababu katika miaka ile ya themanini hapakuwa na wanawake wengi Malindi walioweza kulisema bila ya wenzao kuangua kicheko. Mimi nililisema mbele za watu, na walionicheka wakanyamaza wenyewe baada ya kusafiri nami.

Kila mwaka Maulidi ya Lamu yakikaribia, tulikwenda kwa bahari. Maulidi ni ibada, sikatai, lakini sisi wanawake wa mtaa wetu tuliyajua pia kuwa ndiyo mapumziko yetu ya pekee. Siku kadhaa bila ya jiko lako, bila ya mume kukuuliza shati lake liko wapi. Chombo chenyewe kilikuwa boti kubwa la mbao lenye injini ya dizeli, chumba kimoja cha abiria chini na sitaha ya kukaa juu. Sisi tuliliita meli, na atakaye kubisha na abishe. Meli hasa, ya chuma, niliipanda Mombasa kwenda Unguja kwa harusi za ukoo, tena si mara moja. Nawaambieni kulewa bahari ni kule kule. Tofauti ni kwamba kwenye meli ya chuma unalewa ukiwa umekalia kiti cha mto.

Kwa hiyo msafiri yeyote wa kike aliyeingia baharini mara ya kwanza aliletwa kwangu, na mimi nikampa masharti yangu bila ya kubembeleza. Usiku wa kuamkia safari asile maharage ya nazi. Asubuhi asitoke na tumbo tupu, maana tumbo tupu ndilo linalogeuka upesi. Ale mkate mkavu na chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Akae katikati ya chombo, si mbele kunakoruka wala nyuma kunakonuka injini, na macho ayaweke kwenye nchi kavu. Asiangalie maji. Asimwangalie mwenzake anayelewa, hata awe dada yake. Na masurufu atakayoletewa na majirani, zile sambusa na katlesi na samaki wa kukaanga ambao kila nyumba hutaka msafiri aondoke nao, ayapokee kwa mikono miwili, ashukuru, kisha awape mabaharia. Mabaharia wa Lamu walinipenda sana.

Lakini jambo kubwa kuliko yote nilijifunza kwa kuwatazama wanawake wa Adu. Hao walikuwa wakulima wa bara, Wagiriama, waliokwenda Lamu wakati wa Maulidi kuuza korosho. Wengine bahari walikuwa hawajaisogelea tangu kuzaliwa. Walikaa juu ya magunia yao sitahani kwa sababu chini hakuna aliyewapisha, wakapiga soga na kucheka toka Malindi mpaka Lamu, wakashuka wazima kama walivyopanda. Sisi, ambao babu zetu walitoka visiwani, ambao tuliwaita wao watu wa shamba, tulikuwa tumelala chumbani chini tumetawanyika kama nguo za kufua, mimi nimeuma meno nisitapike. Jambo hili liliniudhi miaka miwili mitatu. Mimi ni fundi cherehani, na fundi akishindwa kuelewa mtu humtazama nguo. Nikawatazama. Leso zao zilinuka sabuni na jua, basi.

Kwetu mwanamke hatoki kwenda safari bila ya kufukizwa. Mabuibui hufukizwa udi usiku kucha, na asubuhi chetezo huletwa mpaka mlangoni, usimame juu ya moshi, uingie kwenye nguo na nywele na viganja. Juu yake marashi, juu yake asumini. Sasa wachukue wanawake wa namna hiyo, uwafungie chumba kimoja chenye dirisha moja, uongeze harufu ya dizeli na samaki wa kukaanga. Hata samaki mwenyewe angetapika.

Mwaka uliofuata nikasafiri na nguo iliyofuliwa tu, nikakaa sitahani na wanawake wa Adu. Ndipo ilipoanza sifa yangu. Ndipo pia uvumi ulipoanza kwamba nimegombana na mume wangu, maana mke wa mtu hatoki bila ya udi pasipo na sababu. Niliwaacha waseme.

Sasa nije kwa mavyaa wangu, mama wa mume wangu, ambaye tuliishi naye nyumba moja. Alizaliwa Lamu, akaletwa Malindi kuolewa angali kigori, na tangu siku hiyo hakurudi kwao hata mara moja. Dada yake mkubwa, ndugu pekee aliyembakia, alikuwa huko. Kila Maulidi aliniagiza maneno yale yale: mwambie aje nimwone. Kila Maulidi mavyaa alikuwa na udhuru. Kuku wataibwa. Magoti yanauma. Paa la makuti linavuja. Kwa gari pia hakutaka, akisema mwisho wa njia ile nao ni boti, na hapo alisema kweli. Mimi moyoni nilimwona ni mtu asiye na huruma, mwanamke wa kutunza kuku akamwacha nduguye.

Mwaka mmoja, wiki chache kabla ya Maulidi, alikuja mtu kutoka Lamu na habari kwamba dada mtu ameanguka kando ya kisima, nyonga imevunjika, na hanyanyuki tena. Alikuwa ametuma neno, na mara hii halikuwa lile la kila mwaka. Alisema hatamwita mdogo wake tena, na kwamba amemsamehe.

Mavyaa aliitikia salamu, akamtilia mgeni kahawa, akaingia chumbani. Nikamfuata. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haijui kupiga hodi. Nilimwambia kwamba msamaha ule ni aibu kwa nyumba nzima, na kwamba kama ni kuku nitawachinja wote leo. Alikuwa ameketi kitandani anapangusa macho na ncha ya leso.

"Mwanangu," akasema, "mimi nalewa."

Nilidhani nitacheka. Sikucheka. Akanieleza habari ambayo hata mume wake aliyekwisha kufa hakuwahi kuisikia. Alipoletwa bibi harusi, waliwekwa chini chomboni yeye na dada yake, wamefunikwa mashuka mazito wasionekane na mabaharia. Alikuwa amefukizwa udi na ubani siku nyingi mfululizo, amepakwa liwa ya msandali mwili mzima. Kufika Ghuba la Ungwana, kule ambako bahari iko wazi na mawimbi huja kwa ubavu, akatapika mpaka akaona kifo. Mashangazi wa bwana harusi walikuwa upande wa pili wa pazia. Dada yake alishika bakuli, akalificha ndani ya buibui, akenda akamwaga baharini mara baada ya mara, na mashangazi walipouliza, akawaambia bibi harusi analilia kwao. Kwa mtu mwingine ingekuwa mzaha wa siku mbili. Kwa mwanamke wa Lamu, binti wa nyumba ya manahodha, kulewa bahari ni jambo la kufa nalo. Akaona afadhali aitwe hana huruma kuliko kuitwa hivyo.

Huo ndio ujinga wetu sisi watu wa pwani, na ulinitia uchungu. Maisha yote mtu amekosa kumwona dada yake kwa ajili ya bakuli. Lakini nilipokuwa nikimsikiliza, fundi ndani yangu alikuwa ameshaamka. Nikamwuliza alivaa nini, alinuka nini, alikaa wapi. Kisha nikamwambia, kwa sauti ya daktari, kwamba si bahari iliyomlevya, ni udi. Asafiri nami bila ya udi na atafika mzima.

Hapo ndipo nilipoona kazi iliyo mbele yangu. Bahari alikuwa tayari kuijaribu. Udi hakuwa tayari kuuacha. Aende kwao baada ya umri wote huo akinuka sabuni, kama mwanamke aliyefukuzwa? Tulibishana siku nyingi. Nilimshonea buibui jipya la kitambaa chepesi, nikalifua mara mbili na kulianika juani, na udi na marashi yake nikayatia katika kopo la bati, nikalifunga kwa mfuko wa nailoni. Atajifukiza Lamu, gatini kama atapenda. Alilinusa lile buibui, akakunja pua.

Alfajiri ya safari, baada ya sala, jirani yetu wa mlango wa pili alikuja na chetezo kinawaka. Alikuja kwa mapenzi, kama alivyomfanyia kila msafiri wa mtaa. Mavyaa amesimama ukumbini na buibui lake lisilo na harufu, moshi unaingia mlangoni, na mimi nimesimama katikati yao. Kumkatalia jirani chetezo ni kumfukuza. Jirani akaanza kuinama akiweke miguuni pa mavyaa.

Mavyaa akamshika mkono, akamwambia polepole kwamba leo amwombee dua tu, moshi autie nyumbani, utungoje mpaka turudi. Jirani alinitazama mimi, maana alijua nani amemharibu mwenzake. Alitoka bila ya kuaga. Sisi tukashuka gatini, mavyaa mbele, na mkononi sikuwa na masurufu hata ya sambusa moja.

Nilimkalisha sitahani katikati, juu ya gunia la korosho, kati yangu na mama mmoja wa Adu. Asubuhi bahari ilikuwa shwari, msimu ule wa kati ya kusi na kaskazi, na mpaka Ngomeni alikuwa akinionyesha misikiti ya pwani kama aliyekuja kutembea. Tulipoipita Ras Ngomeni ghuba likafunguka, na wimbi la kwanza likatuinua kutoka ubavuni. Nikaona mdomo wake umekuwa mweupe, vidole vimelishika gunia. Kutoka chini sauti za wanawake wetu zikaanza, na kila asafiriye anazijua sauti hizo.

Niliogopa. Nasema kweli, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa baharini. Kama angelewa pale, nisingekuwa nimemharibia safari tu, ningekuwa nimeithibitisha aibu yake mbele ya nusu ya Malindi. Nikampa ndimu aikwaruze kwa kucha na kuinusa, nikamwambia atazame ufuko na anitajie nyumba za mtaa wao, moja moja, toka gatini mpaka mlangoni kwa dada yake. Alianza kwa shida. Nyumba ya fundi seremala. Nyumba ya mwalimu wa chuo. Kichochoro chenye kisima. Alipokosea alirudi nyuma akaanza tena, akakasirika na nafsi yake, na hasira ikamrudishia rangi usoni. Mama wa Adu, ambaye Lamu hakuijua zaidi ya soko la korosho, akawa anamuuliza nani aliishi humo na ana watoto wangapi, na mavyaa akamjibu kila swali na kumwongezea fitina za zamani.

Tulikuwa katikati ya ghuba alipopanda kutoka chini mmoja wa mashoga zangu, uso umebadilika, anayumba. Mavyaa aliinuka kabla yangu. Alimwegemeza ubavuni kwake, akamshika paji la uso, akamfunika na buibui lake asionekane, na mwenzetu akamaliza shida yake. Kisha mavyaa akampa ile ndimu, akamwambia kwa ukali akae hapa juu, ayaache mambo ya chini. Sikumfundisha mimi maneno hayo. Nilitamani kumkumbatia mbele za watu wote.

Lamu tuliiingia alasiri, jua lingali juu. Nikatoa kopo la bati. Mavyaa hakulitazama hata. Alikataa mkono wa baharia, akapanda ngazi za gati mwenyewe, magoti yale yale ya kila mwaka, akakata mitaa bila ya kuuliza njia. Mimi na mizigo tulikuwa nyuma tukimkimbilia. Alikuwa ananuka ndimu na dizeli, na watu vibarazani walimwamkia shikamoo bila ya kumjua, naye akaitikia marahaba kama mwenye mji.

Dada yake alikuwa kitandani karibu na dirisha, amebaki ngozi na mifupa. Chumba kilijaa jamaa. Mavyaa alisimama mlangoni, na wote wakangoja kilio, hata mimi nilikuwa nimeshaanza changu. Dada mtu alimtazama toka kichwani mpaka miguuni. Kisha akamwashiria ainame. Masikio yake yalikuwa mazito siku hizo, na alikuwa amesahau kunong'ona kunafanywaje, kwa hiyo aliyomwuliza sikioni tuliyasikia sote, wakubwa kwa wadogo.

"Ulitapika?"

Nilidhani mavyaa ataanguka kwa aibu. Aliinuka wima, akatugeukia sisi tuliojaa chumbani, akahakikisha hakuna asiyemsikia.

"Hata tone," akasema.

Na bibi yule, ambaye kwa wiki kadhaa hakuwa na nguvu za kujinyanyulia kikombe cha maji, akajiinua juu ya viwiko akapiga kigelegele kilichowatoa majirani vibarazani mwao.