Maembe Yaliyofungwa Karatasi

Marsiana wa Kidahwe alikuwa na miembe tisa ya kisasa, ile ya kubebesha, aliyoachiwa na marehemu mumewe, na msimu huu ndio ulikuwa wa kuamua. Feliksi, shemeji yake, alishasema mbele ya ukoo: inzi wa matunda wakiharibu tena maembe, miti inakatwa na shamba linapandwa michikichi.

Kwa hiyo maembe yalipofikia ukubwa wa yai, Marsiana aliyavalisha. Alifumua mifuko mitupu ya saruji, akatoa karatasi safi za ndani, akashona vifuko na kufunga embe moja moja kwa kamba ya mgomba. Siku tano alikuwa juu ya ngazi, binti yake Wema akiishikilia chini na kucheka.

"Mama, unayapeleka shule?"

"Cheka tu. Inzi hajui kufungua mlango."

Na kweli inzi hakuingia. Lakini Yasmini, mwanamke anayepeleka matunda kwenye hoteli za Kigoma mjini, alipokuja kuona mavuno ya kwanza, alikunja uso. Maembe hayakuwa na doa hata moja, ila yalikuwa yamepauka kama mtu aliyetoka kuugua.

"Mama Wema, haya umeyavundika."

"Sijavundika, dada. Yameiva mtini."

"Embe la aina hii huwa na shavu jekundu. Nikipeleka haya wataniuliza nimeyafukua kwenye jivu la nani." Akalirudisha embe kapuni. "Nitapita tena baada ya wiki mbili. Kama ni haya haya, usinisubiri."

Kila Marsiana akikutana na Feliksi njiani alimtazama mkononi kwanza, kama ana panga.

Siku ya tatu, akiizunguka miti yake kama anayemchungulia mtoto mwenye homa, aliona kifuko kilichochanwa na ndege. Akalishika embe lile, akaligeuza. Palipochanika palikuwa na alama nyekundu, nyembamba, yenye umbo lile lile la mpasuko. Kwingine kote lilipauka kama wenzake. Akamwita Wema aje aone.

"Ni jua," alisema. "Nimeyanyima jua."

Hapo ikamwingia hofu nyingine. Akiyafungua mapema, inzi watayawahi. Akichelewa, rangi haitakolea. Akaanza na tawi moja, akalifungua saa sita mchana kwa pupa, na kesho yake maembe mawili yalikuwa yameungua ubavu kama ngozi iliyomwagiwa uji wa moto. Yaliyobaki akayaendea kwa adabu. Jioni, jua likiwa limepoa, alipasua vifuko kwa chini, karatasi ikaning'inia kama mwavuli. Baada ya siku tatu akaondoa karatasi kabisa na kupogoa majani yaliyoweka kivuli. Asubuhi na jioni aliyakagua, kanga mkononi, akifukuza kila kilichoruka. Inzi waliambulia manne tu.

Rangi ilikuja polepole, kwanza kama aibu kwenye uso wa mtu, kisha shavu zima. Maembe ya katikati ya mti, yasiyofikiwa na jua, yalibaki ya njano. Hayo aliyatenga, asije akaonekana anamchanganyia mnunuzi.

Yasmini alirudi siku aliyosema. Feliksi naye alifika asubuhi hiyo hiyo, baiskeli imesheheni miche ya michikichi.

"Mwakeye, shemeji," alisalimia kwa Kiha, akasimama pembeni.

Yasmini alinusa kikonyo cha embe, akalikata kwa kisu chake, akala nusu. Nusu nyingine akampa Feliksi, ambaye aliitafuna hadi kokwa huku akitafuta funza.

"Huyu shemeji yako anakula kama askari anayepekua mzigo," Yasmini akasema. "Yenye rangi nachukua yote. Ya njano nipe kidogo, ya juisi."

Feliksi alifuta mikono kwenye suruali. Aliitazama miti, mmoja baada ya mwingine.

"Mwakani mtu mmoja hawezi kufunga miti tisa, shemeji."

"Siwezi."

"Basi uniite." Akageuza baiskeli. "Hii michikichi itakaa kule bondeni, kwenye maji."

Marsiana alichukua jembe, akamtangulia bondeni, akachagua mwenyewe mahali pa shimo la kwanza, mbali kabisa na miembe.