Chaki Kwenye Bangili

Mimi ni mtu wa kusafisha vitu. Kazi yangu katika ghala la makumbusho ilikuwa kutoa vumbi kwenye ngao, vibuyu na shanga kwa brashi na pamba, na kugombana na yeyote aliyeshika kitu kwa mikono mitupu. Wenzangu walisema hata nzi ningempangusa kwanza kabla ya kumfukuza.

Mwishoni mwa ile miaka ya elfu mbili na kitu tuliletewa mashine tuliyoiita bunduki, kwa kuwa ilishikwa hivyo na kufyatuliwa kwa kidole. Ilikuja na mkemia mmoja, binti kutoka mtaa wa Kitisuru, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Aliielekeza kwenye mkufu, akafyatua miale isiyoonekana, na baada ya dakika moja mstari ulipanda na kushuka kwenye kompyuta. Kila kilima kilionyesha kitu kilichomo: chuma, shaba, bati. Hakukata kipande wala kukwaruza popote. Nilimwonea wivu wiki nzima, kisha nikaja na bangili ya mama.

Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alifundisha darasa la tatu huko Waithaka mpaka akastaafu, na bangili hiyo, nyaya tatu za shaba zilizosokotwa pamoja, haikutoka kwenye mkono wake wa kulia. Alinyamazisha darasa kwa kuigonga ubaoni: ko, ko. Mwaka niliokuwa darasani mwake sikuruhusiwa kumwita mama. Nilimwita Mwalimu kama wengine, hadi tulipovuka lango la shule jioni, akaniambia, "Haya, baba, nibebee vitabu." Maneno hayo ninayakumbuka kuliko mahubiri yote ya mazishi yake.

Dada yangu alitaka binti yake aivae bangili hiyo harusini, na ilikuwa haki yao. Jumamosi angekuja kuichukua. Lakini mama alituambia aliirithi kwa nyanya yake, na dada alishikilia kwamba aliinunua mjini akiwa msichana. Nilitaka kujua kabla haijaondoka. Kusema kweli, nilikuwa na kiu ya kusikia jambo jipya kumhusu mama, hata kutoka kwa mashine.

Nilimwomba yule mkemia wakati wa chakula cha mchana. "Hii ni ya mzazi," nilimwambia.

"Ni sawa, Uncle. Weka hapa."

Vilima viwili virefu vikapanda, shaba na zinki, na kingine kifupi cha madini ya risasi.

"Ni brass ya kawaida," alisema. "Inaweza kuwa ya kitambo, inaweza kuwa ya juzi. Hii mashine haijui miaka." Kisha akagusa kilima kidogo mwanzoni mwa mstari. "Na hii inaniharibia reading. Kuna uchafu kwa hizo mikunjo. Si uipanguse tu, turudie?"

Nikisikia neno uchafu, mikono yangu haingoji kichwa. Nilichovya pamba kwenye spiriti, nikaipitisha kati ya nyaya, mkunjo baada ya mkunjo, mpaka ikatoka na weupe wa kijivu. Nikaitupa. Nilijionea fahari, hata. Alifyatua tena, na kilima kidogo hakikuwepo.

"Unaona? Ilikuwa calcium tu, na sulphur kidogo."

"Inatoka wapi?"

"Mahali popote. Plasta ya ukuta. Ama chaki."

Alikuwa tayari anaifunika mashine. Chaki ilikuwa imeshuka kutoka vidoleni mwa mama miaka yote ile, ikajificha humo, ikastahimili maji, sabuni, kustaafu, hata hospitali. Mimi mwanawe niliiondoa kwa dakika moja, tena bila kuombwa mara mbili. Majuto ni mjukuu, wanasema, na wangu alikuja mbio. Nilimtamani mama kuliko siku tuliyomzika, kwa sababu siku ile kulikuwa na wageni wa kulisha na hema la kurudisha.

Nilipiga magoti kwenye ndoo ya taka. Kulikuwa na pamba zangu za asubuhi nzima, na mbili za juu zilifanana kabisa.

"Uncle, hizo ni za kutupa."

"Najua. Mama yangu alikuwa mwalimu."

Aliifunua mashine tena, akachukua zile pamba kwa kibano, akaziweka moja moja chini ya bunduki. Ya kwanza haikuonyesha kitu. Kwa ya pili, pale mwanzoni kabisa mwa mstari, kilima kidogo kilianza kupanda, polepole.

"Ni hii," alisema, na hakusema uchafu tena.

Jumamosi dada alifurahi kuona bangili inang'aa. Aliniuliza kama nimejua ilikotoka, nikamwambia mashine haikujua. Pamba ninayo hadi leo, ndani ya chupa ndogo ya dawa, kabatini karibu na sukari. Ghalani kila kitu kina lebo, lakini hiyo sijaiandika. Nikiandika chaki, mtu ataitupa. Nikiandika mama, watu watasema nimerukwa na akili. Kwa hivyo imekaa hivyo hivyo, na mke wangu, ambaye kwa usafi ananishinda, ameapishwa asiiguse.