Homa ya Kigari kilichompandisha Shangazi Mukankusi

Tarehe 16 Agosti 2025 iliangukia Jumamosi, siku moja baada ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni, ambayo nchini Rwanda ni siku ya mapumziko. Ijumaa hiyo watu walipumzika, lakini kigari cha umeme cha Eustadia hakikupumzika. Tangu misa ilipotoka mpaka jua lilipozama kilipandisha wageni kwenye bustani ya sherehe iliyoko kilimani, juu ya mtaa wa Sonatubes mjini Kigali, na jioni kikarudi bandani, nusu ya kilima, na joto la chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

Eustadia, Mhaya aliyekuja Kigali kuuza vitambaa na akaishia kulea betri, alikuwa na taratibu zake. Kigari hicho kilianza maisha kwenye uwanja wa gofu, na yeye alikitunza kwa adabu ile ile ya huko. Hakukichaji kikiwa cha moto. Alifungua kiti, akazigusa betri za maji zilizopangwa chini yake kwa mgongo wa mkono, kama mama anayempima mtoto homa, kisha akaziacha zipoe hadi alfajiri. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba betri iliyopigwa na baridi kali hudonoa umeme kama mgonjwa anayelazimishwa uji, ilhali iliyopata joto hubugia kwa pupa, ikazidi kuchemka na kukausha maji yake. Kwa bahati chaja yake ilikuwa na waya wa kuhisi joto. Betri zikichemka kupita kiasi, chaja ilijizima na kuwasha taa nyekundu.

Jioni hiyo alikuwa na mazoezi ya kwaya, hivyo akamwachia kazi Kagabo, mhudumu wa vinywaji aliyelala palepale bustanini. Alimwagiza aache kiti wazi, na achomeke chaja alfajiri.

Asubuhi alikuta kiti kimefungwa na taa nyekundu inamkodolea jicho. Akainua kiti. Betri zilikuwa zimezingirwa na chupa za bia, zimefunikwa blanketi.

"Kagabo! Hii ni nini?"

"Iko bia ya wazee, Dada Eusta," Kagabo alijibu bila haya. "Wazee ya leo wote wanataka ya moto. Nikaona hapa iko joto ya bure."

Mjini Kigali mhudumu hakuletei kinywaji kabla ya kukuuliza kama unataka cha baridi au cha moto, na wazee wengi huchagua cha moto. Lakini maana yake ni kinywaji ambacho hakijaingia kwenye friji, basi.

"Nani alikutuma uiatamie kama kuku?" Eustadia alifoka. "Na chaja ulichomeka saa ngapi?"

"Jioni ile ile. Joto isipotee."

Mambo yalikuwa mazito. Siku hiyo binti mmoja alikuwa anaposwa, na alikwisha kutamka kwamba hatatoka mbele ya wakwe mpaka ashikwe mkono na shangazi yake, Mukankusi, aliyemlea tangu utotoni. Magoti ya Mukankusi hayakuweza kupanda kilima kile, na Eustadia alikuwa amempa neno lake kwamba atamfikisha. Sasa bibi huyo alikuwa tayari langoni, chini kabisa, akiwafukuza vijana waliomletea kiti wambebe.

"Nibebwe juu juu kama kabati? Tokeni hapa! Nangoja gari yangu."

Eustadia alimpigia simu Nzeyimana, msemaji wa upande wa binti, ambaye kazi yake ni kuwazungusha wakwe kwa utani kabla ya kuwakubalia.

"Muzehe, betri zina homa. Washikilie wageni mpaka zipoe, zinywe umeme kidogo."

"Niwashikilie na nini?"

"Na mdomo, Muzehe. Nasikia huo wako hauishi chaji."

Nzeyimana akaingia kazini, na vipaza sauti vikaleta kila neno hadi chini. Kwanza alisema hapa wamepotea njia. Kisha akasema binti wanayemtaja hajulikani katika nyumba hii. Huku chini chupa zilitolewa, kigari kikasukumwa kivulini, na Kagabo akapewa sinia apepee betri.

"Pepea, ndugu yangu! Unapunga kama unaaga mtu stendi."

Simu ikalia. "Eusta, nimemaliza maswali ya ng'ombe," Nzeyimana alinong'ona. "Niulize nini sasa?"

"Uliza mbuzi."

Juu, msemaji wa wakwe aliomba maji ya kunywa. Chini, Eustadia aligusa betri kwa mara nyingine, akatikisa kichwa, akangoja, akagusa tena. Hatimaye alichomeka, na taa ikawa ya kijani. Alijua kwamba betri hazingejaa. Alitaka mlima mmoja tu. Nzeyimana alipoanza kuuliza habari za kuku, Eustadia alichomoa waya, akateremka hadi langoni, akampakia Mukankusi. Kagabo akadandia nyuma.

Kwenye kona kali kigari kilianza kutambaa.

"Huyo muatamia bia ashuke," Mukankusi alisema bila kugeuka.

Kagabo alishuka, akasukuma kwa bega. Kigari kikahema, kikapanda, kikatokea mbele ya mahema kwa mwendo wa konokono, na umati ukadhani huo ndio mwendo wa heshima. Ukapiga makofi.

"Ala!" Nzeyimana alipaza sauti iliyokwisha kukauka. "Kumbe binti tunaye!"

Mukankusi aliingia ndani polepole, akatoka amemshika binti mkono. Bwana harusi, aliyekuwa ameloa jasho, aliketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Joto ambalo betri zilifikia usiku ule halijulikani, kwa sababu chaja ile huwasha taa tu, haionyeshi kipimo. Wala haijulikani zilipoteza sehemu gani ya umri wake.