Ndoo ya Mbasa kwa Mama Ndunguru

Jamani, kisa hiki nikikisimulia siwezi kumwangalia mtu usoni, aibu yake bado inaniwasha.

Bosi wangu pale ofisi ya kahawa Mbinga, Mama Ndunguru, aliacha kunisemesha tangu siku nilipomkosoa mbele ya wageni (nilikuwa sahihi, lakini usahihi wenyewe haukunisaidia kitu). Hilo ningelivumilia, kilichoniuma roho ni Skola, binti aliyeajiriwa juzi tu, yeye ndiye akawa anaitwa "mwanangu", safari ya kufuata kahawa Kingerikiti anakaa mbele ya gari na Mama, mimi nyuma na magunia, nawasikia wanacheka.

Nikaamua nikapatane na Mama, ila kimyakimya, Skola asije akaniharibia. Jumamosi moja nikatoka nyumbani kwetu Mbaha na ndoo ya mbasa, samaki wanono wa ziwani aliowavua kaka yangu, nikapanda nao hadi Mbinga, moja kwa moja kwa Mama. Mlangoni naona nini? Viatu vya Skola! (Vya watu wengine vilikuwa vimejaa, lakini mwenye wivu huona anachokitafuta.) Nikanyatia dirishani, nikamsikia Skola: "...Tumaini, moyo wake mgumu..." Tumaini ni mimi! Sikungoja amalizie, nikausukuma mlango na ndoo yangu mkononi.

"Mnafiki wewe! Nisengenye nikiwepo!"

Watu kama ishirini, wote wamepiga magoti, mshumaa unawaka, rozari mikononi. Sala ya jumuiya! Skola alikuwa ananiombea, Mungu atulainishe mioyo, mimi na Mama, tupatane. Ndoo ikaniponyoka, mbasa wakateleza mpaka chini ya meza ya mshumaa, na mzee mmoja akasema taratibu, "Ee Bwana," wote wakaitikia, "Utusikie."

Nikapiga magoti kuokota samaki huku nalia. Mama akainama kando yangu, akaokota naye.

"Shikamoo, Mama," nikasema (ndiyo kwanza nakumbuka kusalimia).

"Marahaba. Siku nyingine ukitaka kunikosoa, niite pembeni. Na Skola mwombe radhi sasa hivi, mbele ya hawa hawa uliomtukana mbele yao."

Nikamwomba. Akanikumbatia na harufu yangu yote ya samaki, na hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke.

Sasa Mama ananisemesha vizuri. Wivu haujaniisha wote, sidanganyi, ila nimeapa: hata nikisikia natajwa mpaka jina la ubatizo, nitabisha hodi, na nitasubiri kukaribishwa.